Kurasa zinajifungua zenyewe kwa brauza? Kwanza angalia zinafunguka wakati gani

Kuna mama anauza omena soko la Kibuye hapa Kisumu, aliniletea simu Jumatatu moja asubuhi akaiweka kwa kaunta akaniambia, "Kijana wangu, hii simu ina mtu ndani." Alikuwa anamaanisha kabisa. Akiiwasha tu aangalie kama pesa ya mteja imeingia, Chrome inajifungua, ukurasa wa kamari huo, akiufunga unakuja mwingine wa kumwambia simu yake ina virusi, na bando ya shilingi 20 aliyoweka asubuhi hata saa nne haifiki. Kitu kiliniuma zaidi ni kwamba hiyo simu alikuwa ameshaipeleka kwa fundi, akalipa shilingi 500, ikaflashiwa, yaani ikafutwa kila kitu, ikarudi kama mpya, picha za matanga ya mamake zikapotea zote, alafu baada ya siku tatu zile kurasa zikarudi vilevile.

Nina saiba hapa Kondele na hii shida naiona karibu kila wiki, kwa simu na kwa kompyuta, na nataka nieleze vile inafanya kazi ili mtu asipoteze picha na pesa bure. Watu wengi wanakimbilia dawa kabla hawajajua ugonjwa. Mmoja anakwambia futa Chrome uweke tena, mwingine anakwambia weka antivairasi, mwingine anasema flashi, na kila mmoja kuna siku dawa yake ilifanya kazi ndo maana anaiamini. Lakini brauza haijifungui yenyewe. Kuna kitu kimeiambia ifungue huo ukurasa, na hicho kitu kinaweza kuwa ni saiti uliyomo saa hiyo, au saiti uliyowahi kuipa ruhusa ukasahau, au ekstensheni, ile programu ndogo ya nyongeza iliyopachikwa kwa brauza, au programu iliyo nje ya brauza kabisa. Hao wanne kila mmoja ana mlango wake na ukifunga mlango wa huyu yule mwingine anaendelea kuingia. Kinachowatofautisha ni wakati. Ukurasa umefunguka ukiwa wapi, na ulikuwa umegusa nini? Hilo swali ndilo nauliza kila mtu kabla sijashika simu yake.

Tuanze na ule wa kawaida. Uko kwa saiti ya mechi za bure ama ya kudanlodi muvi, unabonyeza pale pa kucheza, badala ya mechi kuanza ukurasa mwingine unafunguka, unarudi, unabonyeza tena, mwingine huo. Kama inatokea hapo tu, na ukiwa kwa gazeti au kwa saiti ya serikali ya eCitizen haitokei, basi simu yako ni nzima, shida ni ya saiti. Brauza zote za siku hizi zinazuia madirisha ya kujitokeza, lakini zina sheria moja: dirisha likifunguka kwa sababu mtu amebonyeza kitu, linapita, maana saiti nyingi halali zinahitaji hivyo, kama ukibonyeza kuona risiti na inakuja kwa dirisha lake. Sasa hawa wa mechi za bure wanatandaza kitu kisichoonekana juu ya ukurasa mzima, kama ile nailoni ya kufunika kitambaa cha meza, kwa hivyo popote unapobonyeza umebonyeza nailoni kwanza. Brauza inaona kidole chako inasema sawa, mwenyewe ametaka. Wengine wanafungua ukurasa wao chini ya ule unaousoma, unakuja kuuona nusu saa baadaye ukifunga vichupo vyako na hujui hata ulitokea wapi.

Pesa iko hapo. Kuna mitandao ya matangazo inayolipa mwenye saiti kwa hesabu ya kila kurasa 1,000 zilizofunguliwa, haijalishi kama umesoma au umefunga ukitukana, ilimradi umefunguliwa. Na hii kitu haikuanza kwa ubaya. Aliyeandika programu ya kwanza ya tangazo la kujitokeza kwa dirisha lake ni Mmarekani anaitwa Ethan Zuckerman, miaka ya 1990, akifanya kazi kwa kampuni ya Tripod iliyokuwa inawapa watu kurasa za bure. Kampuni moja ya magari ilikasirika kuona tangazo lake limekaa kwa ukurasa wa mambo ya ngono, sasa wakatafuta njia ya kuonyesha tangazo bila lionekane limeungana na ukurasa wa mtu, wakaliweka kwa dirisha la peke yake. Mwaka 2014 mwenyewe aliandika akaomba radhi. Mwaka 2004 Firefox ikatoka ikiwa inazuia hayo madirisha, na Internet Explorer ikapata kizuizi mwaka huohuo kupitia Windows XP Service Pack 2, na tangu hapo imekuwa ni kukimbizana, huyu anaziba huku yule anatoboa kule.

Kwa hawa wa saiti dawa ni kuwazuia kabla hawajafika. Kwa kompyuta mimi naweka uBlock Origin, ekstensheni ya kuzuia matangazo, ndani ya Firefox na mambo yanatulia. Kwa Chrome ile uBlock Origin ya zamani haifanyi kazi tena tangu mwaka 2025 kwa sababu Google walibadilisha vile ekstensheni zinaruhusiwa kufanya kazi, imebaki uBlock Origin Lite ambayo ni nyepesi kidogo lakini inasaidia. Kwa simu, Chrome ya Android haikubali ekstensheni za hivi, Firefox ya Android inakubali, ama utumie Brave ambayo inakuja na kizuizi ndani. Na kama simu yako ni Android 9 kwenda juu kuna kitu kizuri sana watu hawakijui, ingia setingi za mtandao utafute Private DNS uandike dns.adguard-dns.com, hapo matangazo mengi yanakosa njia kwa simu nzima, si kwa brauza peke yake. Ukiona umeunganisha waifai ya hoteli na ukurasa wa kuingia hauji, izime hiyo Private DNS kidogo alafu uirudishe.

Sasa wa pili, na huyu ndo anasumbua watu wengi kuliko wote hapa kwangu. Simu imelala mezani, hujagusa kitu, inalia, unaona ujumbe kama wa pesa umeingia ama alama nyekundu ya virusi ama picha ya msichana anasema yuko karibu nawe, unagusa ili uifute, kidole kinateleza kidogo, ukurasa umefunguka. Hiyo ni notifikesheni ya saiti. Tangu mwaka 2015 Chrome inaruhusu saiti kukutumia notifikesheni hata kama hujaifungua, ni kitu kizuri kwa gazeti ama kwa imeili, lakini saiti lazima ikuombe ruhusa na wewe ubonyeze "Allow". Ruhusa ndo wezi wanaitafuta, na hawakuambii ni ya nini. Wanaweka picha ya roboti na maneno "bonyeza Allow uthibitishe wewe si roboti", ama "bonyeza Allow video ianze", ama mduara unazunguka tu kana kwamba kitu kinaload. Kile kipimo halali cha roboti, cha kuchagua picha za mataa ya barabarani, hakihitaji ruhusa ya notifikesheni. Ukiona maneno ya roboti na kitufe cha Allow pamoja, huo ni mtego, funga ukurasa.

Kuna kijana wa boda alinionyesha yake, tukafungua orodha tukapata saiti 14 zimeruhusiwa, na alikuwa anatambua moja tu. Zile zingine zilikuwa majina ya ajabu, herufi zimetupwa tu na namba mwishoni. Ukipa moja ruhusa inakutuma kwa nyingine nayo inaomba, ndo maana zinaongezeka. Na mtu anaweza kufunga vichupo vyote, akafuta historia, akafuta kuki, na bado zinakuja, kwa sababu ruhusa haikai huko.

Kuzitoa ni dakika mbili. Kwa simu, fungua Chrome, nukta tatu pale juu, setingi, setingi za saiti, alafu notifikesheni, utaona orodha ya zilizoruhusiwa, gusa moja moja uzitoe zote isipokuwa ile unayoijua na kuitaka. Ukishamaliza zima kabisa ile swichi ya saiti kuomba ruhusa, mimi yangu imezimwa na sijawahi kukosa chochote. Kwa kompyuta ni njia hiyohiyo, andika chrome://settings/content/notifications pale juu uende moja kwa moja. Firefox iko upande wa faragha na usalama, chini kwa ruhusa. Na kuna kamtindo kazuri: notifikesheni ikija, usiiguse, ibonyeze na ushikilie. Simu itakuonyesha imetumwa na nani. Ikiwa ni Chrome utaona na jina la saiti, ikiwa ni apu utaona jina la apu, hapo umeshajua mwizi ni nani bila kubahatisha. Tena kwa kompyuta kuna setingi inaruhusu Chrome iendelee kufanya kazi chinichini hata ukiifunga, iko kwa sehemu ya sistimu, ndo inafanya notifikesheni zije na hakuna dirisha hata moja limefunguliwa. Izime.

Usiguse kitu chochote ndani ya ile kurasa inayosema simu yako ina virusi 13. Ukurasa wa intaneti hauna uwezo wa kuchunguza simu yako, hilo haliwezekani, hiyo 13 imeandikwa tu na kila anayefungua anaona 13. Wanachotaka ni udanlodi apu yao ama uweke namba ya simu. Namba yako wala PIN usiandike hapo hata kama kuna rangi ya kijani unayoijua ya M-Pesa.

Wa tatu anaishi kwa brauza ya kompyuta. Dalili yake ni kwamba kurasa zinafunguka popote ulipo, hata kwa saiti safi, ama ukitafuta kitu kwa Google unajikuta kwa mtambo mwingine wa kutafuta hujawahi kuusikia. Hiyo mara nyingi ni ekstensheni. Mtu aliweka ya kubadilisha PDF kuwa Wordi siku ya mwisho ya kupeleka fomu mahali, akaitumia mara moja, ikabaki. Na usifikirie ni zile za ovyo peke yake. Kulikuwa na ekstensheni inaitwa The Great Suspender, nzuri sana, ya kulaza vichupo visile memori, ilikuwa inatumiwa na watu wengi na vile imeandikwa ndani iko wazi kwa yeyote kusoma. Mwaka 2020 mwenyewe akaiuza, mnunuzi akaingiza mambo yake, na Februari 2021 Google wakaiondoa kwa sababu ina programu hasidi. Watumiaji hawakuwa wamefanya kosa lolote, iliharibikia mikononi mwa mwingine wakiwa wameshaiamini.

Andika chrome://extensions uone zote. Usizifute papo hapo, zima zote, tumia brauza siku moja, kama kimya kimepatikana basi washa moja kila baada ya masaa kadhaa mpaka ile mbaya ijitokeze, hiyo ndo utoe. Kama hutaki kungoja toa zote tu, utarudisha unayoihitaji. Ukiitoa alafu ikarudi yenyewe kesho, kuna mambo mawili. Inaweza kuwa ni sync ya akaunti yako ya Google, kompyuta ya nyumbani bado inayo na inairudisha kwa ya ofisi, kwa hivyo itoe kote. Ama ukiangalia menyu ya Chrome utaona imeandikwa inasimamiwa na shirika lako, na hii laptopu ni yako mwenyewe hakuna shirika. Hapo kuna programu imeweka sheria ndani ya Windows kuilazimisha Chrome ibaki na hiyo ekstensheni, unaweza kuziona ukiandika chrome://policy. Antivairasi zingine pia huweka sheria kama hizo na ni halali, kwa hivyo soma kwanza ni nini imewekwa. AdwCleaner ya Malwarebytes ni ya bure na inasafisha hizi mbaya vizuri. Ukikuta ushauri wa zamani wa kukwambia utumie kisafishaji cha ndani ya Chrome usikitafute, kiliondolewa mwaka 2023.

Kabla sijaenda kwa wa nne, kuna mambo madogo yanayowatisha watu bure. Kama kurasa zinafunguka ukiwasha brauza tu alafu basi, angalia setingi ya kuanzia, pengine imewekwa ifungue kurasa fulani ama iendelee pale ulipoachia jana. Na kijana mmoja wa Maseno alikuwa anajaza fomu ya mkopo wa masomo ya HELB hapa kwa mashini namba 6, akaniita akasema kompyuta imeingiwa, kila linki anayobonyeza inafungua kichupo kipya, ashafungua kama ishirini. Nilikuja nikagusa kibodi. Kitufe cha Ctrl kilikuwa kimekwama chini, vumbi na chai ya mtu, na ukishika Ctrl ukibonyeza linki inafunguka kwa kichupo kipya, ndo kazi yake. Nikakitoa kwa kisu kidogo, nikapuliza, kikapanda. Gurudumu la mausi nalo ukilibonyeza juu ya linki linafanya hivyohivyo.

Wa nne ndo yule wa nje. Kwa Windows utamjua kwa sababu brauza inafunguka ilhali ulikuwa hujaifungua, kompyuta imewaka tu dakika mbili na ukurasa huo, ama kila saa moja kamili unakuja, na wakati mwingine kabla yake kuna kidirisha cheusi kinamulika sekunde moja kinapotea. Usihangaike na brauza hapo, hata ukiifuta ataifungua ile nyingine. Aliingia na programu ya bure, ile ya kubonyeza endelea endelea endelea bila kusoma, au ile ya kuvunja Microsoft Office utumie bila kulipa. Anajificha mahali patatu. Pa kwanza ni orodha ya programu zinazoanza Windows ikiwaka, ipo kwa Task Manager. Pa pili ni Task Scheduler, humo kunapangwa kazi za kufanyika kwa saa, na ukiona kazi ambayo kitendo chake ni kufungua anwani ya saiti, ndiyo hiyo, ifute. Pa tatu watu wengi wanapaacha, ni ile ikoni yenyewe ya Chrome kwa desktopu. Bonyeza kulia, fungua sifa zake, angalia mstari wa lengo, baada ya chrome.exe na alama za kufunga kusiwe na anwani ya saiti yoyote imebandikwa. Ikiwepo, kila ukibonyeza ikoni unaifungua hiyo saiti kwa mkono wako mwenyewe.

Kwa Android wa nne ni apu, na hapa ndo nirudi kwa yule mama. Zake zilikuwa zinafunguka akifungua loku ya simu, kabla hajagusa Chrome. Nilianza kwa notifikesheni, zilikuwepo saiti tano, nikazitoa, lakini nikifunga simu na kuifungua ukurasa bado unakuja. Kwa hivyo si saiti. Nikaiwasha kwa hali salama, unashika kitufe cha kuzima mpaka menyu itokee, alafu unashikilia pale pa kuzima mpaka ikuulize kama unataka hali salama. Hapo apu zote ulizoweka mwenyewe zinalala na zilizokuja na simu zinabaki. Tukakaa nayo kama nusu saa, anaifunga anaifungua, kimya. Akaniangalia. Nikamwambia, "Mama, ni apu, na si ya simu, ni moja ya zile zimewekwa."

Kutoka Android 10 apu iliyo chinichini haikubaliwi kurusha dirisha mbele yako hivihivi, inahitaji ruhusa maalum, ile ya kuonekana juu ya apu zingine. Kwa hivyo huhitaji kupekua apu 60, unaingia setingi, apu, ufikiaji maalum, unaangalia zile zenye hiyo ruhusa na kwa kawaida ni chache. Kwake zilikuwa nne. WhatsApp, ya mikopo, ya kupokea simu, na moja ya kusafisha simu ambayo ikoni yake haikuwa popote kwa skrini. Nikajaribu kuitoa, kitufe cha kutoa kimefifia hakibonyezeki. Ilikuwa imejifanya msimamizi wa kifaa. Hiyo unaenda kwa usalama, apu za usimamizi wa kifaa, unaizima hapo kwanza, alafu kitufe kinakubali. Ikatoka.

Na ndo nikaelewa kwa nini kuflashi hakukusaidia. Simu ilipoanza upya ikauliza kama irudishe apu za zamani kutoka kwa akaunti ya Google, akakubali, kila mtu angekubali, na ile ya kusafisha ikarudi na wenzake kwa sababu ilikuwa imetoka Play Store kabisa. Play Store inachuja lakini zingine zinapenya. Ikamwomba ruhusa upya, naye akaipa, si inasema inasafisha simu. Za nje ya Play Store ndo hatari zaidi, hasa hizi WhatsApp za rangi rangi watu wanatumiana. Mwaka 2021 watu wa Kaspersky, kampuni ya antivairasi, walionyesha kwamba toleo moja la FMWhatsApp, moja ya hizo, lilikuwa limebeba Triada, programu ya kuleta matangazo na kudanlodi zingine bila wewe kujua. Nikawasha Play Protect, ile ya Google ya kuchunguza apu, ilikuwa imezimwa, nikaiambia ichunguze simu yote.

Nikaangalia kama zile picha za matanga zilikuwa zimehifadhiwa kwa akaunti yake, hazikuwa. Lakini mdogo wake anaishi Ahero na siku ya matanga alikuwa na simu pia, akampigia hapohapo kwa kaunta, na picha 22 zikaingia kwa WhatsApp tukiwa tumekaa. Nikazipeleka kwa Google Photos nikiwa namwonyesha pa kubonyeza. Alirudi Alhamisi na omena ya kunishukuru, akaniwekea simu mkononi, akasema niifunge na kuifungua mwenyewe nione. Nikaifunga, nikaifungua, ikaja picha ya mamake tu.